Likasi: swali lililomketisha baba wa maombi

LIKASI, Haut-Katanga. Kila Alhamisi mchana, katika ua mmoja wa komini ya Kikula, watu 20 hadi 30 hukusanyika chini ya mwembe kwa maombi ya uponyaji wa ndani. Kila mtu huja na kiti chake. Wengi ni wamama: muuza makala, muuza unga, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, msichana aliyeachwa na bwana. Wanaimba, wanasoma Neno, kisha mmoja baada ya mwingine wanakaa kwenye kiti cha katikati na kueleza kile kinachowauma moyoni.

Kwa miaka mingi aliyesimama mbele ya kiti hicho alikuwa mtu mmoja tu. Jina lake halitaandikwa hapa, maana ndivyo alivyoomba. Katika mtaa anaitwa «baba wa maombi», na watu wa Kikula watamjua hata bila jina. Siku hizi, ukifika pale Alhamisi, utamkuta amekaa nyuma kabisa karibu na mlango wa ua, juu ya kisturi kidogo. Yule aliyezoea kusimama sasa anakaa. Kilichomketisha ni swali moja la maneno machache, lililoulizwa na mama mmoja aliyekuja kuombewa.

Baba huyu alizaliwa mwaka 1968 katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, miaka miwili tu baada ya Jadotville kurudishiwa jina la Likasi. Baba yake alikuwa mtu wa kampuni, na yeye akafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipotolewa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, naye alitia sahihi. Kila familia ya Likasi inaijua «hiari» hiyo ilikuwa ya namna gani. Mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi, watoto walifukuzwa masomoni, na pesa ya mwisho ilikwisha kabla mtu hajajua aianzie wapi.

Alikuwa na miaka 35, mikono yenye nguvu, na hakuna kazi. Ndipo alipoanza kuomba. Alifunga, alikesha, alisoma Biblia mpaka akajua mahali pa kila neno. Watu walianza kumwita nyumbani kwao wanapougua. Wengine walisema wamepata nafuu. Yule ambaye kampuni ilimfuta kwenye orodha yake alijiona amekuwa mtu tena. Mtaani walipomsalimu walisema «baba», na neno hilo likaziba shimo ambalo kazi iliacha.

Hapo hapakuwa na uovu. Alisaidia watu kweli. Kuna mama ambao leo wako hai kwa sababu alikaa nao usiku ambao walitaka kufa. Lakini mwenyewe anasema sasa kwamba polepole kuna kitu kilibadilika bila yeye kuona. Mwanzoni alikuwa anamsikiliza mtu kwa saa nzima. Baadaye ilikuwa nusu saa. Mwishowe mtu alikuwa bado anatafuta maneno, na yeye amekwisha kujua: hii ni roho ya uchungu, hii ni roho ya woga, hii ni laana ya ukoo. Alikuwa na jibu kwa kila kidonda. Hakuna aliyemuuliza yeye ana kidonda gani, na yeye hakutaka kuulizwa.

Alikuwa pia na ushuhuda wake, ambao kila mtu wa kikundi aliujua kwa moyo. Mwaka ule wa njaa kubwa, alisema, Mungu aliibariki nyumba yake kwa mashini ya kushona. Mke wake alishona kwa mashini ile miaka yote, watoto wakala, wakasoma. «Mungu hamwachi mtu wake,» alimalizia, na watu wakapiga makofi.

Mama aliyeuliza swali alifika siku moja ya kiangazi. Ana miaka zaidi ya 40, mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka Lubumbashi. Alikaa kwenye kiti cha katikati, akakunja kitambaa chake mapajani, akaanza kusimulia.

Alizaliwa hapa Likasi. Baba yake naye alizaliwa hapa. Babu yake ndiye aliyetoka Kasai, miaka ambayo Union Minière ilikuwa ikitafuta wafanyakazi huko na kuwaleta Katanga kwa reli. Nyumbani kwao waliongea Kiswahili. Kasai alikuwa hajaiona kwa macho. Lakini mwaka 1992, alipokuwa mtoto wa miaka tisa, aliambiwa kwamba yeye si mtu wa hapa.

Wasomaji wenye umri wanakumbuka. Mwezi wa Agosti mwaka ule, Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu, katika jimbo lililokuwa likiitwa Shaba, hotuba za siasa zilikuwa zimekwisha kuwasha moto. Vijana walipita mitaani. Nyumba zilichomwa, watu walipigwa, wengine waliuawa. Maelfu ya familia za Wakasai walikimbilia gari la moshi, na hapa Likasi stesheni na shule ziligeuka makambi. Watu walingoja treni wiki hata miezi, chini ya mvua, kipindupindu na surua vikichukua watoto. Wengine walikufa njiani, ndani ya mabehewa, kabla ya kufika nchi waliyoambiwa ni yao.

Mama yule alisimulia mambo madogo. Alisema juu ya sufuria ya mama yake iliyobaki jikoni ikiwa na maharagwe. Alisema juu ya kitanda walichokiuza kwa bei ya chakula cha siku mbili. Alisema juu ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama treni imefika, mpaka siku ambayo hakuuliza tena. Walimzika karibu na reli. Alipoolewa baadaye na mtu wa huku akarudi Likasi, kaburi hakuliona tena. Alisema hapati usingizi akisikia mlio wa treni. Alisema watu wa mtaa wanamsalimu vizuri, wanacheka naye sokoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema chochote juu ya mwaka ule. Ni kama hawakuwako.

Baba wa maombi alimwekea mkono kichwani. Alimwambia kwamba ana roho ya uchungu na kwamba uchungu huo ndio unaomfunga. Alimwambia atasamehe leo, na leo hii atapona. Akamwambia arudie maneno nyuma yake: «Ninawasamehe wote...»

Mama hakurudia. Aliinua macho akamtazama, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira: «Baba, ile wakati, weye ulikuwa wapi?»

Ua wote ulinyamaza. Baba alitafuta neno, hakulipata. Mwishowe alisema kwamba leo shetani anataka kuvuruga maombi, akaanzisha wimbo. Wimbo ulipokwisha, kiti cha katikati kilikuwa kitupu.

Kuna kiburi ambacho kila mtu anakiona: kiburi cha pesa, cha gari, cha cheo. Mwenye nacho huchekwa nyuma ya mgongo wake. Kiburi cha roho ni kigumu zaidi kukitambua, kwa sababu kinavaa nguo za unyenyekevu. Kinafunga, kinakesha, kinahudumia wagonjwa. Kinasema «si mimi, ni Mungu», kisha kinasubiri kuona kama watu wamesikia. Kinapoguswa hakisemi «nimeumia». Kinasema «mtu huyu anapigana na kazi ya Mungu».

Ndivyo ilivyokuwa kwa siku kadhaa. Baba alimwambia mke wake kwamba mama yule ana roho ya uasi. Aliwaambia wasaidizi wake wasimkaribishe kwenye kiti tena. Alifunga siku tatu ili Mungu ampe ushindi. Lakini usiku, watu wa nyumba wakiwa wamelala, swali lilirudi. Ulikuwa wapi? Yeye alijua sana alikuwa wapi. Alikuwa na miaka 24. Hakuchoma nyumba, hakumpiga mtu. Alikuwa na gunia la unga.

Siku ya nne alikwenda Panda kumsalimu mama mmoja mzee, rafiki ya marehemu mama yake. Alifika kama mtu anayetafuta mtu wa kumpa haki. Alieleza yote: mama mgeni, uasi, kikundi kuvurugika. Mzee alimsikiliza huku akichambua sombe. Mwishowe alisema: «Mwanangu, wazazi wako walikuwa watu wa Jamaa. Walikufundisha nini?»

Wasomaji vijana pengine hawajui Jamaa ilikuwa nini, na inafaa kueleza, kwa sababu ilizaliwa katika makambi ya migodi ya nchi yetu na ilienea mpaka hapa kwetu Likasi. Habari yake inaanza na mtu aliyekuwa na ugonjwa ule ule wa baba wa maombi.

Placide Tempels alikuwa padri Mfransisko, Mbelgiji, aliyezaliwa mwaka 1906. Alifika Kongo mwaka 1933 akatumwa Katanga. Wakati ule serikali, kampuni na misheni zilitembea pamoja. Mtu mweusi wa kambi alipewa kazi na kampuni, sheria na serikali, na roho yake ikasimamiwa na misheni. Aliyekataa alijua kitakachompata: Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi kule Élisabethville. Katika dunia hiyo padri hakuwa na sababu ya kumuuliza Mwafrika chochote. Alikuja na majibu.

Tempels mwenyewe aliandika baadaye, katika kijitabu kiitwacho Notre rencontre cha mwaka 1962, kwamba kwa miaka kama kumi alikuwa padri wa namna hiyo: bwana, mkubwa, bulamatari mwenye kanzu. Alifundisha, aliamuru, alikemea. Aliona kwamba mafundisho yake hayaingii. Watu waliitika, kisha walirudi kwao na moyo wao ule ule. Angeweza kusema, kama wengi walivyosema, kwamba watu hawa ni wagumu. Badala yake alifikia wazo lililomgharimu sana: labda mgumu ni yeye.

Akaacha kufundisha, akaanza kuuliza. Wewe ni mtu wa namna gani? Unawaza nini? Unatamani nini kuliko vyote? Na watu, walipoona anauliza kweli, walimjibu. Walimwambia wanatamani uzima, uzima wenye nguvu. Wanatamani uzazi, kuwa baba na mama wa wengine. Wanatamani mapendo, kuishi wameungana na wenzao. Uzima, uzazi, mapendo: maneno haya matatu yalikuja kuwa msingi wa mafundisho ya Jamaa. Lakini jambo lililombadilisha Tempels ni lile lililofuata. Aliposikia tamaa zao aligundua kwamba ndizo zake pia. Chini ya kanzu na cheo alikuwa mtu kama wao, mwenye njaa ile ile. Yule aliyekuja kuwaponya alijiona katika kioo chao.

Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitoka Élisabethville. Askofu wa Katanga wa wakati ule, Jean-Félix de Hemptinne, hakukipenda. Tempels alipokwenda Ubelgiji mwaka 1946, alikaa huko mpaka 1949 kabla ya kuruhusiwa kurudi. Aliporudi alipelekwa baadaye Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière. Hapo, kuanzia mwaka 1953, Jamaa ilizaliwa: mabwana na wake zao, wakikutana nyumbani, wakiitana baba na mama, Mluba na Mlunda na Mbemba na Mkasai katika chumba kimoja. Hapakuwa na kadi wala ada. Kutoka Kolwezi ilifika Jadotville, ikafika Élisabethville, ikavuka mpaka Kasai.

Si kwamba Tempels alikuwa malaika. Mshairi Aimé Césaire wa Martinique alimshambulia vikali, akisema kwa ufupi kwamba kumsifu Mbantu kwa falsafa yake ni rahisi kuliko kumlipa mshahara wa haki. Neno hilo lina ukweli wake, hasa katika mji kama huu. Unyenyekevu unaobaki moyoni bila kugusa deni la mtu haujafika mwisho wa njia.

«Wazazi wako,» mama mzee aliendelea, «mtu akiingia kwao, walianza kumuuliza. Hawakumwambia. Walimuuliza, wakanyamaza. Weye siku hizi unauliza nani?»

Baba alijitetea. Alisema hata Jamaa yenyewe iliharibika. Mzee alikubali mara moja, na jibu lake lilimshangaza.

Ni kweli kwamba Jamaa ilipata majeraha. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, hakurudi tena, na alikufa Ubelgiji mwaka 1977. Nyuma yake mafundisho yalikuwa na ngazi, njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pamoja na ngazi kulikuja kishawishi: aliye juu kumtazama aliye chini. Vilitokea vikundi vilivyopotoka, vilivyoitwa Katete. Miaka ya 1970 maaskofu walichukua hatua kali, na familia nyingi zilizolipenda kanisa zilijikuta zimetengwa. Watu bado wanabishana nani alikosa zaidi. Mama mzee hakuingia katika ubishi huo. Alisema hivi tu: «Tulianza kwa kuuliza. Kisha tukasema sisi ndio tunajua kuuliza. Siku ile tuliyosema vile, tulikwisha.»

Huenda hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika uponyaji wa ndani. Mtu anaweza kushinda kiburi kimoja, kisha akajivunia ushindi wake. Yule wa mfano wa Mfarisayo na mtoza ushuru anajulikana kwa kila Mkristo, na kila anayeusikia anashukuru kwamba yeye si Mfarisayo. Hapo hapo amekuwa Mfarisayo. Kwa hiyo hakuna siku mtu atakayosema amemaliza. Mganga hajigangi, wahenga walisema. Anahitaji mtu mwingine amtazame na kumuuliza.

Jioni ile baba alirudi Kikula kwa miguu. Mke wake alikuwa kwenye mashini, anamalizia nguo ya komunyo ya mtoto wa jirani. Alikaa karibu naye. Alimuuliza jambo ambalo hakuwa amemuuliza kwa zaidi ya miaka 30: «Mama, weye unawaza nini juu ya hii mashini?»

Mke aliacha kukanyaga. Hakujibu mara moja. Alivuta kisanduku kidogo cha pembeni, kile cha vifungo na sindano, akatoa chini kabisa karatasi iliyokunjwa, imekuwa ya rangi ya chai. Juu yake kulikuwa na vipimo vilivyoandikwa kwa penseli: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Vipimo vya watoto watatu. Wawili walikuwa wadogo sana.

Aliiona wiki ile ile mashini ilipoingia nyumbani, mwaka 1992. Mwenye mashini alikuwa mama Mkasai wa mtaa wa pili, aliyekuwa akienda stesheni na watoto. Bwana wake kijana alimpa gunia moja la unga, akaibeba mashini begani. Kila mtu alifanya vile wakati ule, walisema. Kama si wewe, ni mwingine. Mke aliificha karatasi na kuitunza. Kila mwaka aliitazama, akafikiri watoto wale sasa wana miaka mingapi.

«Kwa nini hukuniambia?» baba aliuliza.

«Hukuniuliza. Uliniambia ni baraka.»

Baba anasema alilia usiku ule kama hakuwahi kulia, hata alipotoka kampuni. Anasema pia kwamba machozi yale yalikuwa na utamu, na kwamba utamu ule ulimtia woga, maana asubuhi alijikuta tayari anapanga namna atakavyousimulia ushuhuda huo mpya mbele ya watu. Kiburi kilikuwa kimeamka kabla yake. Ndipo alipoelewa maneno ya mama mzee.

Alimtafuta mama mfanyabiashara kabla ya Alhamisi, dukani kwake. Hakumwekea mkono kichwani. Alisema: «Uliniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa. Nilinunua mashini ya mama mmoja kwa gunia la unga. Nilijua analazimika.» Alimwambia anataka kumpa mashini hiyo.

Mama alikataa. «Haikuwa yetu. Usinipe miye ili weye upate kulala.» Kisha, baada ya kumhudumia mteja aliyekuwa anangoja, aliongeza: «Sema tu mbele ya wale watu. Basi.»

Hakumwambia amemsamehe. Hajamwambia mpaka leo, na baba hajamwomba aseme.

Alhamisi iliyofuata alikaa mwenyewe kwenye kiti cha katikati. Alisimulia kwa maneno machache, bila wimbo na bila sauti ya kuhubiri. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Baba mmoja aliinuka akachukua kiti chake akaondoka, akisema mambo ya zamani yaachwe. Wengine wawili hawakurudi wiki iliyofuata. Lakini muuza makala, mama ambaye hakuwahi kusema kitu katika kikundi, alisema kwamba nyumbani kwake kuna kabati. Mtu mwingine akasema juu ya kiwanja. Mwingine alisema yeye alikuwa mtoto tu, lakini alitupa mawe, na alicheka.

Siku ile hawakuombea mtu. Walikaa mpaka giza.

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo, si sana. Kiti cha katikati bado kipo, ila sasa anayeongoza hubadilika kila wiki, na wa kwanza kukaa kwenye kiti ni yule anayeongoza. Wanamuuliza yeye kwanza: unawaza nini, unaumwa wapi? Kisha wananyamaza. Baba anasema kunyamaza ndiko kunakomshinda. Mara nyingi jibu linamfika ulimini kabla mtu hajamaliza, na anabana meno. Wiki nyingine anashindwa kulibana. Wenzake wanacheka, naye anacheka.

Yule mama mfanyabiashara huja mara kwa mara, anakaa anapotaka. Bado treni inamwamsha usiku. Lakini mwezi uliopita alikwenda na wamama wanne wa kikundi kutembea kandokando ya reli, kutafuta mahali alipozikwa mdogo wake. Hawakupaona, nyasi zimemea. Walisimama mahali alipodhani, wakakaa kimya kwa muda mrefu. Njiani kurudi, mmoja wa wamama alimuuliza mtoto aliitwa nani. Hakuna mtu wa Likasi aliyekuwa amemuuliza hilo. Akawaambia.

Mashini bado iko Kikula, karibu na dirisha. Mke wa baba bado anashona, na karatasi ya vipimo sasa haiko chini ya vifungo. Imebandikwa ukutani, mahali mteja anaiona. Watu wakiingia wanasifu mashini, kwa kuwa ni ya zamani na inafanya kazi vizuri, na wanauliza familia iliipata wapi. Zamani baba alikuwa na ushuhuda mrefu. Sasa anasema: «Tuliinunua kwa mama mwenye njaa.»

Kisha anamuuliza mgeni habari zake, na anajaribu kunyamaza.